Makuli wa Kisumu na meli ya mabehewa

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwaka 1901. Kwa miongo mingi shehena ilihamishwa kutoka garimoshi hadi melini kwa migongo ya makuli. Katika miaka ya 1960 ilianza kazi MV Uhuru, meli yenye reli sitahani, inayobeba mabehewa 22. Behewa huingizwa pamoja na mzigo wake. Gunia halishushwi bandarini, na ujira wa kulibeba hutoweka. Meli hiyo iliposimama kwa zaidi ya mwongo mmoja, kabla ya kurejea 2019, shehena haikuwarudia makuli, bali ilihamia malori. Mashine huhitaji mabaharia na mafundi. Lakini aliyepoteza kazi ya kubeba hapati ya ufundi bila mafunzo.