Sindromu ya pombe ya kijusi

Sindromu ya pombe ya kijusi ni ulemavu wa kudumu unaompata mtoto kwa sababu mama yake alikunywa pombe akiwa mjamzito. Ni kilele tu cha madhara mengi yenye uzito tofauti. Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliandika habari za watoto 127 mwaka 1968, lakini wachache walimsikiliza. Jina lenyewe lilitolewa mwaka 1973 na Kenneth Lyons Jones na David W. Smith wa Seattle, Marekani.

Pombe hupenya kondo la nyuma kwa urahisi. Ini la kijusi bado changa, haliwezi kuiondoa haraka, na nyingine hubaki katika maji ya chupa ya uzazi. Kinachodhuru ni ethanoli, iwe ya mbege, mnazi, bia au divai.

Mtoto huweza kuzaliwa mdogo, mwenye macho yaliyofunguka kidogo, mdomo wa juu mwembamba, na bila ule mfereji ulio chini ya pua. Alama hizo za uso hutokana na wiki za mwanzo, ambapo mama wengi hawajajua kuwa wana mimba. Ubongo, hata hivyo, hujengwa miezi yote tisa. Kwa hiyo wengi wa walioathirika wana sura za kawaida kabisa, na hilo huwaponza: shuleni huitwa watukutu au wavivu, kumbe kinachowashinda ni kukumbuka, kuhesabu na kujizuia.

Viwango vilivyopimwa katika maeneo ya mizabibu ya Western Cape, Afrika Kusini, ni miongoni mwa vikubwa zaidi duniani. Huko vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, mfumo ulioitwa "dop", ulioanza enzi za ukoloni na kuendelea kichinichini hata baada ya kupigwa marufuku. Wanaomlaumu mama peke yake humsahau mwajiri aliyelipa kwa divai, pamoja na lishe duni inayozidisha madhara.

Tiba haipo, ila utambuzi wa mapema, malezi tulivu na elimu maalumu husaidia. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Aliyekwisha kunywa bado anamfaa mtoto akiacha katika mwezi wowote. Mraibu afanye hivyo chini ya uangalizi wa daktari, maana kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege.