Mtoto wako wa kwanza ni kiziwi: lugha ianze lini, na ianzie wapi?

Kiziwi ni mtu asiyesikia, au anayesikia kidogo sana kiasi kwamba mazungumzo ya kawaida hayamfikii. Zaidi ya watoto viziwi 9 katika kila 10 huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa hiyo mama au baba anayepata mtoto kiziwi mara nyingi hajawahi kuishi na kiziwi, hajui lugha ya alama, na kama huyo ndiye mtoto wake wa kwanza, hana hata mwingine wa kumlinganisha naye. Makala hii ni kwa ajili ya mzazi huyo. Hospitali na shule tunazozitaja ni za Tanzania, na Kenya tumeigusia mahali pachache. Yanayohusu nyumbani ni yale yale popote ulipo.

Jambo moja tulitangulize. Kinachomrudisha nyuma mtoto kiziwi si masikio peke yake. Ni miaka anayokaa bila lugha yoyote, huku wakubwa wakisubiri: akue kwanza, kifaa kipatikane kwanza, afikishe umri wa shule kwanza. Ubongo wa mtoto hujenga lugha kwa kasi kubwa zaidi katika miaka michache ya mwanzo, na haubagui kama lugha hiyo imeingia kwa masikio au kwa macho.

Utajuaje?

Mtoto kiziwi hulia, hucheka na hutoa sauti kama wenzake. Hata zile "aguu" za miezi ya mwanzo huzitoa. Ndiyo maana nyumba nyingi hazigunduiwi mapema, na si uzembe wa mama.

Tofauti hujitokeza kadiri miezi inavyosonga. Mtoto mchanga anayesikia hushtuka kwa kishindo cha ghafla. Akifika miezi sita hugeuza kichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Kuelekea miezi tisa au kumi huunganisha "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma". Akikaribia mwaka hugeuka akiitwa jina lake, hata kama anayeita yuko nyuma yake. Mtoto asiyefanya haya apelekwe kupimwa. Vilevile yule aliyekuwa akitoa sauti nyingi kisha akanyamaza kidogo kidogo.

Wengi hupima kwa kupiga makofi karibu na sikio, au kugonga sufuria. Kipimo hicho hudanganya. Mtoto anahisi upepo wa mikono, anaona kivuli, anahisi kitanda kikitikisika, naye hugeuka. Wapo pia watoto wanaosikia kishindo lakini hawasikii maneno. Mtoto anaweza kushtuka mlango ukibamizwa na bado asisikie hata neno moja la mama yake.

Hapo ndipo bibi husema, "Mwacheni, hata baba yake alichelewa kusema." Bibi anasema kwa upendo, na kweli wapo watoto wanaochelewa. Lakini kupima hakumdhuru anayesikia, na kungoja humgharimu asiyesikia. Utaratibu unaofuatwa katika nchi zinazopima kila mtoto ni huu: kipimo cha kwanza kabla ya mwezi 1, uhakika kabla ya miezi 3, na msaada uwe umeanza kabla ya miezi 6. Kijijini ni vigumu kuwahi hivyo. Ukigundua akiwa na mwaka mmoja na nusu, anza hapo hapo.

Njia ya kupimwa

Anzia kliniki unakompeleka kupimwa uzito. Mwambie muuguzi waziwazi, "Nina wasiwasi mtoto hasikii," na uombe rufaa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Huyo kwa kawaida yuko hospitali ya rufaa ya mkoa au ya kanda. Nenda na kadi ya kliniki, maana watakuuliza mtoto alizaliwaje.

Mtoto mdogo hupimwa hata akiwa amelala. Kipimo kimoja ni kizibo laini kinachowekwa sikioni, kinatoa sauti ndogo na mashine inasoma sikio la ndani linavyojibu. Kingine hubandika vijikaratasi vyenye waya kichwani ili kuona kama sauti inafika kwenye ubongo. Hakuna sindano, na havimuumizi. Mnyonyeshe kabla ya kuingia ili alale, kwa sababu mtoto akilia kipimo kinaharibika na nauli yako imekwenda bure.

Ilitokana na nini?

Swali hili huvunja ndoa, kwa hiyo tulijibu. Watoto wengi huzaliwa viziwi kwa sababu ya kurithi, na mara nyingi wazazi wote wawili wamebeba chembe hiyo bila kujua, huku kwenye ukoo hakuna kiziwi anayekumbukwa. Sababu nyingine ni rubela aliyoipata mama akiwa mjamzito, kuzaliwa njiti, kuchelewa kulia wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za mwanzo, na homa ya uti wa mgongo. Baadhi ya dawa pia huweza kudhuru sikio, gentamaisini ikiwa mojawapo. Hii si sababu ya kuikataa, maana huokoa watoto wachanga wenye maambukizi makali. Ni sababu ya kuomba kipimo cha masikio baada ya matibabu. Aliyeugua uti wa mgongo apimwe mara tu anapopona, bila kusubiri miezi, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kuacha mfupa ukijaza sikio la ndani na kufunga nafasi ya upasuaji.

Laana haimo kwenye orodha, na mama hakufanya kosa. Rubela ina chanjo. Tanzania ilianza kuitoa pamoja na ya surua mwaka 2014, na mtoto huipata akiwa na miezi 9 kisha miezi 18.

Mazungumzo yanayopita machoni

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, nayo haihitaji fedha.

Mtoto anayesikia hujifunza maneno hata akiwa mgongoni mwa mama anayepeta mchele. Mama anazungumza na jirani, mtoto anaokota. Kiziwi aliye mgongoni anaona kanga tu. Mbeleko usiiache, lakini kila siku kuwe na muda wa kumpakata mbele, uso kwa uso, na ukae upande ambao mwanga unaangukia usoni kwako. Ukiwa na dirisha au mlango nyuma yako, yeye anaona kivuli tu. Usiku, kabla ya kuzima taa, mwonyeshe kwamba unazima. Giza la ghafla kwa mtoto asiyesikia linamwondolea kila kitu kwa mara moja.

Usimnyanyue kwa kumshtukiza kutoka nyuma. Mguse bega kwanza, au punga mkono pale anapoweza kuona. Kwenye kitanda au mkeka juu ya mbao unaweza kugonga kidogo akahisi mtikisiko, lakini sakafu ya udongo haipitishi mtikisiko vizuri, kwa hiyo kumgusa ndiyo njia.

Kisha jifunze kungoja. Mtoto anayesikia anaweza kuangalia kuku huku akisikia mama akisema "kuku". Kiziwi hawezi kuangalia kuku na mikono yako kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mwache amtazame kuku mpaka atosheke. Akigeuza macho kwako, fanya alama ya kuku ukitamka pia kwa mdomo, halafu onyesha kuku tena. Tazama, ngoja, taja, rudia. Wazazi wanaosikia hukosea kwa kumvuta kidevu ili aangalie haraka, na mtoto anaishia kuchoka na kukwepa macho. Unaweza pia kuileta alama kule anakotazama yeye, au kuifanyia juu ya mwili wake: alama ya maziwa karibu na ziwa, ya maji karibu na kikombe.

Sura yako ndiyo sauti yako. Kwa mtoto huyu swali lipo kwenye nyusi, katazo lipo kwenye kichwa kinachotikisika, sifa ipo kwenye tabasamu. Mwenye haya ya kuchezesha uso mbele ya wakwe atapata tabu kidogo mwanzoni.

Rudia yale yale katika mambo ya kila siku: kunyonya, kuoga, kulala, baba amerudi, moto huo, imekwisha. Na umwangalie mikono. Mwaka 1991 watafiti Laura-Ann Petitto na Paula Marentette wa Canada walichapisha matokeo kuhusu watoto waliozaliwa na wazazi viziwi. Watoto hao walikuwa wakichezesha vidole kwa mpangilio kabla hawajaanza alama kamili, kama ambavyo wengine hutamka "ba-ba-ba". Mtoto wako akianza kufumba na kufumbua kiganja kila aonapo ziwa, amesema. Mjibu.

Tena asiwe mama peke yake. Baba akijua alama tatu na mama mia mbili, mtoto anajua nani wa kuzungumza naye na nani wa kumkimbia. Chagueni alama ya jina kwa kila mtu wa nyumbani, kwa mfano kovu la babu au kilemba cha shangazi, na watoto wa jirani waitumie. Watoto hujifunza haraka kuliko sisi.

Wa kukufundisha ni nani?

Ishara mlizobuni nyumbani ni mwanzo mzuri, lakini hazitoshi kueleza jana, kesho, kwa nini, au nani amekupiga. Lugha ya alama ni lugha kamili yenye sarufi yake. Si Kiswahili kilichohamishiwa kwenye vidole, na ya Tanzania si sawa na ya Kenya, ambako huitwa lugha ya ishara. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeitaja kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge.

Mwalimu bora ni kiziwi mtu mzima. Uliza sokoni, kanisani, msikitini, kwa mafundi cherehani na seremala, maana mara nyingi yupo. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina matawi mikoani, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukuunganisha nacho. Ukimpata huyo kiziwi, mwalike nyumbani, akae na mtoto. Mzazi anayemwona kiziwi anayejenga nyumba na kulea wanawe hupata jibu la maswali ambayo daktari hakumjibu.

Simu nayo inasaidia. Pakua video za lugha ya alama ya nchi yako ukiwa mahali penye mtandao, uzitazame baadaye bila kumaliza bando. Video hizo ni za kukufundisha wewe. Usimkabidhi mtoto simu ukidhani itamfundisha.

Wapo watakaokuonya kwamba akizoea alama hatasema. Si kweli. Alama haizuii mdomo, na mtoto mwenye lugha tayari hujifunza ya pili kwa urahisi zaidi.

Vifaa

Shimesikio, yaani kifaa kinachovaliwa sikioni, hukuza sauti kwa mtoto aliyebakiwa na usikivu. Hurekebishwa kufuata kipimo cha mtoto husika, kwa hiyo usinunue cha mitumba wala kile cha barabarani kinachokuza kila sauti. Kile kizibo cha sikioni hubadilishwa kila baada ya miezi michache, maana sikio la mtoto linakua. Kikipiga filimbi, mara nyingi ni dalili kwamba hakikai sawasawa. Jasho ni adui yake, kihifadhi usiku kwenye kopo kavu. Betri zake ndogo ni hatari kuliko zinavyoonekana: mtoto akimeza moja, hata akionekana mzima, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, kwa sababu huunguza koo.

Upasuaji wa kupandikiza kifaa cha kusikia hufanyika Muhimbili tangu 2017. Huwafaa baadhi ya watoto, hasa wakiwahi kabla ya miaka mitatu hivi. Gharama ni makumi ya mamilioni ya shilingi, na baada ya upasuaji kuna miaka ya mazoezi na sehemu ya nje inayohitaji umeme. Uliza mapema kama mtoto anafaa, na huku ukiuliza, endelea kumsemesha kwa mikono.

Kuna mambo ya kukataa kabisa. Usimimine mafuta, mkojo wala majani sikioni. Usikubali akatwe kimeo, wala nyama ya chini ya ulimi ili "aseme". Ulimi wa mtoto kiziwi kwa kawaida hauna kasoro yoyote, na wapo watoto wanaotoka damu nyingi au kuambukizwa kwa visu hivyo. Sikio likitoa usaha, nenda zahanati.

Shule

Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ya Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Nyingine ziko Mwanga, Njombe na Songea, na baadhi ya shule za msingi za kawaida zina vitengo vya viziwi. Kwa Kenya, anzia kituo cha tathmini ya elimu katika kaunti yako. Nenda kauone mahali hapo mtoto akiwa bado mdogo, uangalie kama walimu wenyewe wanatumia alama kwa ufasaha, au wanaandika ubaoni tu. Uliza pia nani analala na watoto bwenini, na mfundishe mwanao mapema alama za sehemu zote za mwili na ya "sitaki", ili akiguswa vibaya aweze kusema.

Shule nyingi ni za bweni. Mtoto atarudi likizo na alama mpya mia moja ambazo nyumbani hakuna anayezijua. Siku ya kumchukua, mwombe mwalimu azionyeshe mbele ya kamera ya simu yako, moja baada ya nyingine, huku mtoto amesimama pembeni akimsahihisha.