Kichujio cha bendi mbili nyembamba

Kichujio cha bendi mbili nyembamba ni kioo chenye matabaka maalumu kinachowekwa mbele ya kihisi cha kamera ya rangi ili kupitisha sehemu mbili ndogo tu za nuru: mstari mwekundu wa hidrojeni (nanomita 656.3) na mstari wa kijani-buluu wa oksijeni (nanomita 500.7). Nuru nyingine karibu yote huzuiwa. Hutumiwa katika upigaji picha wa nebula, hasa penye taa nyingi au wakati wa mbalamwezi.

== Asili ya mistari miwili ==
Gesi ya nebula kama ile ya Jabari hupokea mnururisho wa urujuanimno kutoka nyota changa zenye joto kali. Atomu za hidrojeni hupoteza elektroni zao. Zinapozipata tena hutoa nuru nyekundu iitwayo H-alfa.

Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins alichunguza spektra ya nebula NGC 6543 akaona mistari ya kijani isiyolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Baadaye ilidhaniwa kuwa ni ya elementi mpya iliyoitwa nebuliumu. Mwaka 1927 Mmarekani Ira Bowen alieleza kwamba inatoka kwa oksijeni iliyopoteza elektroni mbili katika gesi iliyo haba mno. Nuru hiyo huandikwa O III.

== Jinsi kinavyofanya kazi ==
Kihisi cha kamera ya rangi kwa kawaida hufuata mpangilio wa Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976. Katika kila pikseli 4, 2 hupokea kijani, 1 nyekundu na 1 buluu. H-alfa huangukia pikseli nyekundu, na O III huangukia za kijani na za buluu. Hivyo picha moja hukusanya gesi zote mbili kwa pamoja, ilhali kamera ya nyeusi-nyeupe huhitaji vichujio viwili kwa zamu. Hasara yake ni kwamba H-alfa hunaswa na robo tu ya pikseli.

Kichujio hakiongezi nuru ya nebula. Hupunguza nuru ya anga inayoifunika. Tuseme nuru ya anga imeenea sawasawa kati ya nanomita 400 na 700, na kila bendi ina upana wa nanomita 7. Nanomita 14 kati ya 300 ndizo zinazopita, yaani chini ya 5%, huku mistari miwili ya nebula ikipita karibu yote. Taa za sodiamu (karibu nanomita 589) huzuiwa vizuri. Taa nyeupe za LED hutoa nuru ya rangi nyingi, kwa hiyo sehemu yake ndogo hupenya.

== Vitu vinavyofaa ==
Kichujio hiki hufaa kwa nebula zinazong'aa kwa gesi yao wenyewe. Hakifai kwa galaksi wala kwa mavumbi yanayoakisi nuru ya nyota, kama yale yanayozunguka Kilimia, kwa sababu nuru yake ina rangi zote na nyingi yake hupotea.

Kamera nyingi za kawaida huwa na kioo cha ndani kinachozuia sehemu kubwa ya H-alfa. Kwa kamera kama hiyo kichujio huleta faida ndogo hadi kioo hicho kibadilishwe na fundi.

== Matumizi karibu na ikweta ==
Bugene, katika Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera, iko takriban digrii 1.5 kusini mwa ikweta. Nebula ya Jabari hupita karibu na utosi, na ile ya Mkuku hufikia takriban digrii 32 juu ya upeo wa kusini. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ni wakati wa Messier 8 na Messier 17 katika Mshale. Kipindi kifupi cha ukavu cha Januari na Februari ni wakati wa Jabari.

Mbali na taa za mji, faida ya kichujio ni ndogo kuliko Dar es Salaam au Nairobi. Hata hivyo hupunguza nuru ya mwezi na mng'ao wa asili wa angahewa, wenye mistari kwenye nanomita 557.7 na 630.0.

Kwa kuwa nuru inayobaki ni kidogo, kila picha huchukua dakika kadhaa, na nyingi huunganishwa kwa programu. Kitako cha darubini lazima kifuate nyota kwa usahihi. Hapa kuna ugumu: ncha zote mbili za anga ziko karibu kabisa na upeo, hivyo Nyota ya Kaskazini haisaidii. Mhimili hurekebishwa kwa kutazama jinsi nyota zinavyohama taratibu.

== Uchakataji ==
Programu hutenganisha nyekundu kuwa H-alfa, na kijani na buluu kuwa O III. Rangi za nyota huharibika, kwa hiyo wengine hupiga nyota tena bila kichujio na kuziunganisha na nebula.

== Tahadhari ==
Kichujio hiki hakikutengenezwa kwa ajili ya kutazama Jua. Kukitumia hivyo kunaweza kupofusha macho na kuharibu kamera.