Msiri, Bendera na Swali la Vita vya Haki

Tarehe 20 Desemba 1891, huko Munema karibu na Bunkeya, Kapteni Omer Bodson alimpiga risasi Mwami Msiri wa Garenganze, ufalme uliokuwa Katanga katika Kongo ya leo, na kumuua. Bodson naye alipigwa risasi na watu wa Msiri, akafa. Vitabu vya historia huliita tukio hili kifo cha jeuri katika safari ya upelelezi. Naona tuliite kwa jina lake: dola moja kutumia nguvu dhidi ya nyingine, na tulipime kwa mizani tunayopimia vita vingine.

Wanaotetea tendo lile huanza na udhalimu wa Msiri. Hilo hatuna haja ya kulikana. Alitawala kwa mabavu, akafanya biashara ya watumwa na pembe, na Basanga, watu aliowatawala, walikuwa wamekwisha kumwasi. Basanga walikuwa na haki ya kuasi. Dhuluma ilikuwa juu ya migongo yao wenyewe. Lakini haki hiyo haihami kwa urahisi kutoka kwa anayeonewa kwenda kwa mgeni mwenye bunduki. Thomas Aquinas alidai masharti matatu kwa vita vya haki: mamlaka halali, sababu ya haki na nia njema. Kwenye nia ndipo kesi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji na mwenye Dola Huru ya Kongo, inapoanguka.

Msafara wake ulioongozwa na Kapteni William Stairs, ambamo Bodson alikuwamo, wenye wapagazi na askari wengi waliokodiwa Zanzibar, haukutumwa kuwakomboa Basanga. Ulitumwa kuwahi kabla ya watu wa Mwingereza Cecil Rhodes, kwa sababu Mkutano wa Berlin wa 1884-1885 ulikuwa umeyafundisha mataifa ya Ulaya kuthibitisha madai yao kwa kushika ardhi. Msiri aliposita kuikubali bendera ya Dola Huru ya Kongo, Stairs aliipandisha bila ridhaa yake. Msiri akaondoka kwenda Munema. Kesho yake Bodson na mwenzake de Bonchamps walitumwa kumleta. Bodson akaingia na askari wachache, wengine wakabaki nje. Mazungumzo yalikuwa yamedumu siku chache tu. Katika hali hiyo, nani atasema nguvu ilikuwa njia ya mwisho?

Yaliyofuata yanaifichua nia hiyo zaidi. Dola Huru ya Kongo ilimtambua Mukanda-Bantu, mwana wa Msiri, na askari wake wakaja kutumika kupigana na Basanga walewale. Walioonewa, ambao mateso yao yalikuwa hoja, wakageuka adui. Lukafu, chini ya milima ya Kundelungu, ikawa kituo cha utawala huo mpya, na baada ya Kamati Maalumu ya Katanga kuundwa mwaka 1900 kazi ikawa madini na ardhi.

Kuna jibu ambalo mwanasheria wa zama zile angelitoa: Garenganze haikuwa dola, kwa hiyo hapakuwa na vita. Hoja hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa kuwa inamwachia mshambuliaji kuamua nani anastahili kulindwa na sheria. Garenganze ilikuwa na mji mkuu, ilitoza kodi, na mtawala wake alipokea wajumbe wa Ulaya. Kilichokosekana ni kutambuliwa na watu waliokuwa wakiitaka.

Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945, inayokataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nyingine, iliufunga mlango huo, angalau kwenye karatasi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikiuka marufuku ya nguvu katika vita vya nchini Kongo, ikakataa dai lake la kujilinda: mashambulizi ya waasi iliyoyalalamikia hayakuthibitishwa kuwa kazi ya serikali ya Kinshasa. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaagiza fidia ya dola milioni 325. Hapo hatimaye mvamizi aliulizwa, na jibu lake likapimwa na asiye upande wake.

Lakini Rwanda, iliyotuma majeshi katika vita hivyo hivyo, haikuulizwa. Tarehe 3 Februari 2006 mahakama ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya Kongo dhidi yake, kwa sababu Rwanda haikuwa imeridhia kuhukumiwa. Mambo yenyewe hayakuguswa. Basi ridhaa, ambayo kwa Msiri haikusubiriwa kabla ya bendera kupandishwa, leo inahitajika kwa anayeshitakiwa kuvamia.