Toyota (magari)
Toyota ni chapa ya magari ya Japani iliyochipuka katika kiwanda cha mashine za kufumia nguo cha Sakichi Toyoda, na ambayo mwanawe, Kiichiro, aliisimamisha kama kampuni ya magari mwaka 1937. Kati ya Mbarara, Isingiro na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, inajulikana hasa kwa HiAce, basi dogo lililotoka mara ya kwanza mwaka 1967, ambalo nchini Uganda huitwa teksi na huruhusiwa kubeba abiria 14. Wamiliki huisifu HiAce kwa kuwa vipuri vyake havisumbui kupatikana na mafundi wengi wanaifahamu, ingawa sifa hiyohiyo, pengine isivyo haki, huipandisha bei hata ikiwa kuukuu. Hata hivyo, ukuukuu huo una mpaka: tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi.