Kutoka Lubunga hadi Tableti

Kwa Wabembe wa Fizi, kusini mwa Uvira, mashariki mwa Kongo, mtoto wa kiume alijifunza kuzungumza kwenye lubunga, banda la wanaume walimokula pamoja, kupokea wageni na kuamua mashauri. Alikaa kando akisikiliza, akajua nani huanza kusema na lini mdogo hunyamaza. Somo hilo halina mbadala, maana mazungumzo hufundishwa na watu. Wasichana walifunzwa na mama zao jikoni.

Vita vya 1996 na 1998 vilitawanya vijiji; wengi walivuka Ziwa Tanganyika hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, Tanzania. Huko baadaye zilifika tableti za kufundishia shuleni, kupitia mradi wa shirika la wakimbizi la UNHCR na Vodafone Foundation ulioanza mwaka 2013. Darasa moja hupewa tableti 25, wanafunzi wakizitumia kwa kupokezana.