Mbinu ya Klasi

OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret Februari 2006, umeandikwa kwa Java. Ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na wataalamu wa Indiana, Marekani. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na unafafanua vyema istilahi inayowatatiza wanafunzi wengi: static.

Klasi ya Person humo ina mbinu ya kukokotoa umri. Umri ni wa mtu fulani, kwa hiyo sharti kwanza kiundwe kitu kinachomwakilisha mgonjwa, chenye tarehe yake ya kuzaliwa. Lakini kukokotoa tarakimu ya uhakiki, ile inayofichua kosa karani anapochapa nambari ya mgonjwa visivyo, hakumhitaji mgonjwa yeyote. Ipe mbinu nambari, itajibu. Mbinu kama hii huitwa kwa jina la klasi yenyewe, na ndiyo Java huitia alama ya static.

Tafsiri inayokuja haraka ni mbinu tuli. Siipendi. Kilichotulia hakitendi, ilhali mbinu hii hutenda kama nyingine zote. Kinachoitofautisha ni umiliki: ni mali ya klasi, si ya kitu kimojakimoja. Waandishi wa programu za Ruby husema mbinu ya klasi, nasi tuseme hivyo.

Kwenye wavuti umiliki huo una uzito. Seva ya Java huhudumia watu wengi kwa pamoja ndani ya programu moja isiyozimwa, hivyo data ya klasi huwa ya wote. (Katika PHP, kwa kawaida data hiyo hufutika ombi linapokwisha.) OpenMRS ina klasi iitwayo Context, ambayo mbinu yake getAuthenticatedUser hueleza ni nani ameingia. Lau mtumiaji angehifadhiwa kwenye data ya kawaida ya klasi, karani angeweza kufungua faili kwa idhini ya daktari. Waandishi waliliziba pengo hilo kwa ThreadLocal, inayoupa kila uzi wa utekelezaji, unaoshughulikia ombi moja kwa wakati, hifadhi yake.

Ugumu uliobaki ni wa majaribio. Msimbo unaoita Context moja kwa moja haujaribiki kwa urahisi peke yake, kwa sababu mbinu ya klasi haiwezi kuwekewa mbadala wa kuigiza bila zana maalumu kama PowerMock. Ndiyo sababu naona heri huduma ikabidhiwe kwa klasi inayoihitaji kupitia kiunzi cha Spring, ambacho OpenMRS tayari inakitumia, na mbinu za klasi ziachiwe hesabu kama ile ya tarakimu ya uhakiki.